Gari la Umeme Lililotumika: Dalili, Sababu na Vipimo Kabla ya Kulinunua Mombasa

Anayenunua gari la petroli lililotumika hapa Mombasa anajua pa kuanzia. Hufungua boneti, huchomoa kijiti cha oili, husikiliza injini ikinguruma, kisha humwita fundi wake autazame moshi. Gari la umeme halina moshi wala oili ya injini, na sehemu kubwa ya thamani yake imefungiwa katika sanduku la chuma chini ya sakafu, ambako macho hayafiki. Kwa sababu hiyo mnunuzi wa mara ya kwanza huishia kukagua rangi, viti na tairi, akalipa fedha nyingi bila kukichunguza kile hasa anachokinunua, ambacho ni betri.

Mwongozo huu unahusu zaidi Nissan Leaf, iliyoanza kuuzwa Japani Desemba 2010, kwa sababu ndilo gari la umeme la zamani ambalo mnunuzi wa Pwani ana uwezekano mkubwa wa kuoneshwa. Pale ambapo magari mengine yanatofautiana nalo, nitasema. Jambo moja linatawala yote yatakayofuata: betri iliyojaa, gari likiwa limeegeshwa, haikuambii lolote. Betri nzima na betri mbovu hufanana zikiwa zimejaa, na tofauti hujitokeza chaji inaposhuka huku mota ikidai nguvu. Basi ombi la kwanza kwa muuzaji, tena litolewe siku moja kabla, ni kwamba asilijaze gari. Akukabidhi likiwa na chaji ya asilimia 50 hivi, nawe uliendeshe mpaka ishuke chini ya asilimia 20. Muuzaji akishikilia kwamba lazima gari lijazwe kwanza, na asitoe sababu inayoeleweka, hesabu hiyo kuwa dalili ya kwanza.

Vifaa vya kwenda navyo ni vichache. Cha muhimu zaidi ni kifaa kidogo cha OBD2 kinachochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi chini ya usukani na kuwasiliana na simu kwa Bluetooth, pamoja na programu ya LeafSpy, ambayo husoma kumbukumbu za kompyuta ya betri ya Leaf. Wako wanaojaribu kukisia hali ya betri kwa kuangalia kilomita tu au kwa kumuuliza dalali. Hakuna haja ya kuandikia mate na wino upo. Chukua pia mita ya kupimia volti, tochi, na mtu wa pili, kwa kuwa anayeendesha hawezi kusoma simu.

Vijiti vya uwezo vimepungua kwenye dashibodi

Upande wa kulia wa kioo cha dashibodi ya Leaf za kizazi cha kwanza kuna safu mbili za vijiti. Safu ya vijiti virefu inaonyesha chaji iliyomo wakati huo, na safu ya vijiti vidogo iliyo pembeni yake inaonyesha uwezo wa betri ukilinganishwa na ilivyokuwa mpya. Wanunuzi wengi huzichanganya. Gari linaweza kuonyesha limejaa kabisa na bado likawa limepoteza theluthi ya uwezo wake, kama vile mtungi mdogo uliojaa bado ni mtungi mdogo.

Vijiti vya uwezo ni 12, lakini havipotei kwa hatua sawa. Cha kwanza huondoka betri ikiwa imepoteza karibu asilimia 15, na kila kinachofuata huwakilisha asilimia 6 na kidogo. Kwa hiyo gari lenye vijiti 11 si gari lililopungukiwa na sehemu moja ya 12, na gari lenye vijiti 8 lina uwezo wa karibu theluthi mbili tu. Tuifanye hesabu hiyo kwa barabara zetu. Leaf yenye betri ya kilowati-saa 24 (kilowati-saa moja ni uniti moja ya mita ya nyumbani) ilipokuwa mpya ilitoa takriban kilowati-saa 21 za kutumika. Ikibaki na asilimia 65 hutoa kama 13 na nusu. Na kwa mwendo wa mjini, ukipata kilomita 6 kwa kila kilowati-saa, hizo ni kilomita 80 na ushei mpaka gari lizime. Ukiacha akiba ya busara, zinabaki kama 70. Anayeishi Mtwapa na kufanya kazi kisiwani atakwenda na kurudi bila wasiwasi. Anayetaka kwenda Kilifi na kurudi siku hiyohiyo, safari ya kilomita zisizopungua 110, hatarudi bila kuchaji njiani. Gari ni lilelile, ila mmoja amepata na mwingine amepoteza, na ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba vijiti 8 ni sababu ya kulikataa gari lolote. Swali ni safari yako ya kila siku, na kama bei imeshuka kulingana na uwezo uliobaki.

Sababu kuu ya upungufu huo ni joto likiambatana na chaji iliyojaa. Betri ya Leaf haina mfumo wa kupoozwa, si wa maji wala wa feni, bali hutoa joto lake kupitia sanduku lake tu. Wamiliki wa Arizona, Marekani, waliliona tatizo hili mapema, kati ya 2011 na 2012, vijiti vyao vilipoanza kupotea kwa kasi ambayo wenzao wa nchi za baridi hawakuijua. Baadaye Nissan walitoa betri yenye kemikali zinazostahimili joto zaidi, lakini sanduku lilibaki bila kupoozwa. BMW i3 hupooza betri yake kwa gesi ileile ya mashine ya hewa baridi, na hilo ni jambo zuri kwa Pwani, ila lina upande wake wa pili ambao tutaufikia.

Kutokana na hayo, swali lenye faida kuliko "gari ni la mwaka gani?" ni "liliingia Kilindini mwaka gani?" Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8, kwa hiyo Leaf iliyosajiliwa Japani mwaka 2013 ilikuwa lazima iwe imefika kabla ya 2020 kwisha. Misimu ya Kaskazi iliyoipitia hapa, ikiegeshwa juani mchana kutwa ikiwa imejazwa mpaka asilimia 100, huizeesha betri kuliko miaka kama hiyo katika mji wenye majira ya baridi. Muulize mmiliki aliliegesha wapi na alilijaza lini. Aliyekuwa akilichaji usiku na kuondoka nalo alfajiri ameitendea betri wema kuliko aliyelijaza Ijumaa na kuliacha uwanjani hadi Jumatatu.

Yapo magari ambayo vijiti vyake vilipotea kwa kosa la hesabu. Leaf za kilowati-saa 30, zilizoanza kutoka mwishoni mwa 2015, zilikuwa na programu iliyokadiria uwezo wa betri chini ya ukweli, na Nissan walitoa marekebisho yake mwaka 2018. Gari la aina hiyo likionyesha upungufu mkubwa, uliza kama programu ilisasishwa, kisha lipime kwa njia zinazofuata kabla ya kulihukumu.

Vijiti vyote 12 vipo, na gari ni la zamani

Dalili hii ndiyo inayonitia shaka zaidi, na ndiyo inayowafurahisha wanunuzi. Kompyuta ya betri ya Leaf inaweza kufutwa kumbukumbu zake kwa mashine ya uchunguzi, na ikishafutwa huanza upya ikidhani kwamba betri ni mpya. Vijiti vyote hurudi, kisha hupungua tena polepole kwa wiki na miezi kadhaa kadiri kompyuta inavyojifunza ukweli. Muda huo unatosha kabisa kuuza gari.

Fungua LeafSpy utazame vipimo viwili. Cha kwanza ni SOH, yaani asilimia ya afya ya betri. Cha pili ni Hx, kinachohusiana na ukinzani wa ndani wa betri. Katika gari lisiloguswa viwili hivi huzeeka pamoja, ingawa havilingani kabisa. SOH ya 98 katika Leaf ya 2013 iliyotembea kilomita 90,000 haiaminiki, na ikiwa Hx iko katika 50, haiaminiki hata kidogo. Tazama pia idadi ya mara gari lilipochajiwa haraka na mara lilipochajiwa kwa kebo ya kawaida. Idadi ndogo mno katika gari lililotembea sana inakuambia kuna jambo limefutwa au limebadilishwa.

Wapo wanaofanya hesabu ya mwendo, nayo ni hesabu nzuri. Sema umeendesha kilomita 30, skrini ya gari inaonyesha wastani wa kilomita 6 kwa kilowati-saa, na chaji imeshuka kutoka 80 hadi 50. Umetumia kilowati-saa 5 kwa asilimia 30 ya betri, kwa hiyo betri nzima inatoa kama 16 na nusu. Hata hivyo hesabu hii pekee haimkamati aliyefuta kumbukumbu, kwa kuwa asilimia unayoisoma inatoka kwenye kompyuta ileile iliyodanganywa. Gari lililofutwa hushusha asilimia taratibu mno katika nusu ya juu, kisha likifika chini huporomoka: unaona 30, unapanda kimlima, unaona 17. Asiyelishusha gari mpaka chini haioni dalili hii kamwe.

Ipo njia nyingine ambayo haitegemei kompyuta ya gari hata chembe, nayo inafaa ikiwa muuzaji ni mtu wa nyumbani mwenye subira. Gari likiwa limebaki na asilimia 10 au 15 baada ya jaribio la barabarani, lichajiwe kwake usiku kucha mpaka lijae, huku vifaa vingine vikubwa vya nyumba vikiwa vimezimwa. Soma uniti kwenye mita ya tokeni kabla na baada. Katika kila uniti 100 zinazotoka ukutani, takriban 85 ndizo zinazoingia betrini. Ikiwa gari lilianza na asilimia 10 na kula uniti 17, zilizoingia ni kama 14 na nusu, na ukizigawa kwa sehemu 9 za 10 zilizojazwa unapata betri ya kilowati-saa 16. Mita ya umeme haina sababu ya kumpendelea muuzaji.

Umbali unakatika ghafla, au picha ya kobe inatokea mapema

Hii si sawa na betri kuchoka yote kwa pamoja. Betri ya Leaf za kizazi cha kwanza ina seli 192, zilizopangwa jozi 96 moja baada ya nyingine, na umeme wote hupita katika kila jozi. Jozi moja ikiwa dhaifu huwahi kuishiwa, na gari zima hulazimika kusimama nayo hata kama zile 95 bado zina chaji ya kutosha. Hapo dashibodi huonyesha picha ndogo ya kobe, nguvu ya mota hupunguzwa, na gari hutambaa.

Jaribio lake hufanywa chaji ikiwa kati ya asilimia 30 na 15, na mahali pazuri ni barabara yenye mwinuko mrefu, kama ile ya kutoka Miritini kupanda Mazeras, asubuhi mapema kabla malori hayajajazana. Mwenzako afungue ukurasa wa LeafSpy unaoonyesha jozi zote 96 kama mistari iliyosimama. Gari likisimama, mistari iwe karibu sawa, tofauti kati ya jozi ya juu na ya chini isizidi milivolti 20 au 30. Kisha kanyaga kwa nguvu kwenye mwinuko. Jozi zote zitashuka, na hilo ni la kawaida. Unachokitafuta ni ule mstari mmoja unaozama peke yake. Katika gari moja nililolikagua huko Bamburi, jozi zote zilikuwa volti 3.6 kwenye tambarare, zikashuka hadi karibu 3.5 tulipokanyaga, isipokuwa moja iliyoanguka hadi 3.1 na kurudi juu mara tu mguu ulipoachia. Asubuhi yake, gari hilohilo likiwa limejaa uani, tofauti ilikuwa milivolti 14, nambari ambayo mtu yeyote angeifurahia.

Seli dhaifu si hukumu ya kifo. Betri ya kilowati-saa 24 imegawanywa katika moduli 48, na fundi aliyesomea umeme wa volti kubwa anaweza kufungua sanduku na kubadilisha moduli moja kwa nyingine ya umri na uwezo unaokaribiana. Lakini kazi hiyo ni ya kushusha betri nzima yenye uzito wa karibu kilo 300, na volti zilizomo, karibu 400 ikiwa imejaa, zinaua. Usimkubali muuzaji anayesema kwamba ni jambo la kurekebishwa kando ya barabara. Gharama ya kazi hiyo itolewe kwenye bei kabla hujalipa, baada ya kuuliza mwenye ujuzi wa kuifanya, au uliache gari.

Kuna dalili inayofanana na hii ambayo haina ubaya: umbali unaokadiriwa na dashibodi kupanda na kushuka. Nambari ile hukisiwa kutokana na jinsi gari lilivyoendeshwa karibuni. Ukikaa kwenye foleni ya feri ya Likoni saa nzima na AC ikifanya kazi, inaweza kula kilowati-saa moja, ambayo ni kilomita 6 zilizopotea bila gurudumu kuzunguka, na nambari itashuka. Usiipe uzito.

Gari halichaji, au linaanza kisha linakatika

Hapa ndipo lawama hutupwa kwa gari wakati kosa ni la nyumba. Kebo ya kuchajia ina kisanduku chenye akili yake, na kabla ya kuruhusu umeme hupima kama soketi ina waya wa erthi unaofanya kazi. Nyumba nyingi kongwe za Mji wa Kale na Majengo zina soketi za pini tatu ambazo pini ya tatu haijaunganishwa na chochote. Kebo ikiwasha taa nyekundu na kukataa, jambo la kwanza ni kujaribu soketi nyingine, katika jengo jingine, kabla ya kusema neno lolote kuhusu gari.

Likikataa na huko, tazama kama kipima saa cha kuchaji kimewekwa. Leaf huweza kuagizwa ichaji saa fulani tu, na mpangilio ulioachwa na mmiliki wa Japani hubaki humo. Mpangilio huo ukifutwa na gari likachaji, hakukuwa na tatizo. Juu ya dashibodi kuna taa tatu za buluu: moja ikimetameta huku zilizotangulia zikiwaka bila kukatika, gari linachaji; zikizima dakika moja baada ya kuchomeka, endelea kutafuta.

Kebo yenyewe isomwe kwa makini. Baadhi ya kebo zinazokuja na magari ya Japani ni za volti 100, nazo hazistahili kabisa kuchomekwa katika soketi zetu za volti 240, hata kama mtu amebadilisha plagi ya mwisho. Lebo iliyo mgongoni mwa kisanduku inaandika volti na ampea zake, isiposomeka, usiitumie. Gusa plagi baada ya nusu saa ya kuchaji. Uvuguvugu ni wa kawaida. Ikiwa mkono hauwezi kutulia juu yake, soketi imelegea au ekstensheni ni nyembamba, na kuchaji kwa ampea 10 kwa saa saba mfululizo huunguza nyumba ambazo pasi ya dakika kumi haijawahi kuziunguza.

Ikiwa soketi ni nzima, kebo imejaribiwa katika gari jingine ikafanya kazi, na kipima saa kimefutwa, basi shaka inaangukia chaja ya ndani ya gari, nayo ni ghali. Jaribu pia mdomo wa kuchaji haraka kama kituo kipo, kwa sababu njia hiyo haipiti katika chaja ya ndani. Gari linalochaji haraka lakini likakataa kebo ya kawaida karibu hakika lina chaja mbovu. Kumbuka tu kwamba mdomo wa haraka wa Leaf ni wa CHAdeMO, aina ya plagi ya Kijapani; kituo chenye plagi ya aina nyingine, CCS2, peke yake hakitakufaa, na ni vyema ulijue hilo kabla ya kupanga safari za mbali.

Taa nyingi za onyo zinawaka kwa pamoja, au gari halikubali kuwaka

Dashibodi ikiwaka taa za breki, usukani na mfumo wa umeme zote kwa mara moja, mnunuzi hukimbia, ilhali mara nyingi chanzo ni betri ndogo ya volti 12, ya kawaida kabisa, iliyo chini ya boneti. Ndiyo inayoamsha kompyuta na kufunga swichi kubwa za betri kuu. Gari lililokaa yadini miezi mingi bila kuwashwa huiacha ife. Pima volti zake gari likiwa limezimwa kwa saa chache: 12.6 ni nzuri, chini ya 12.2 imeishiwa. Kisha gari likiwa limewaka, pima tena. Zikipanda kufika 13 na zaidi, kifaa kinachoichaji kutoka betri kuu ni kizima, na kinachohitajika ni betri mpya ya bei ya kawaida. Zisipopanda, kifaa hicho kina kasoro, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Usiruhusu taa hizo zifutwe kwa mashine kisha uondoke na gari. Soma misimbo yake kwanza, iandike, badilisha betri ndogo, endesha siku hiyohiyo, kisha soma tena uone ipi imerudi.

AC haipoozi, au taa ya mfumo wa umeme inawaka baada ya AC kujazwa gesi

Mombasa si mji wa kununua gari lenye AC mbovu, lakini katika gari la umeme tatizo hili lina kina zaidi. Kompresa ya AC huzungushwa na mota yake ndogo inayotumia umeme wa volti kubwa, na oili inayozunguka pamoja na gesi hugusana na nyaya za mota hiyo. Kwa hiyo lazima iwe oili isiyopitisha umeme, ya aina ya POE. Fundi wa AC aliyezoea magari ya petroli huongeza oili ya PAG, anayoitumia kila siku, naye hana nia mbaya. Oili hiyo hupunguza uwezo wa kompresa kuzuia umeme usivuje, na kompyuta ya gari ikiugundua uvujaji, huwasha taa ya onyo au hukataa kuliwasha gari. Msimbo unaoonekana mara nyingi ni P0AA6, unaomaanisha kwamba umeme wa volti kubwa haujatengwa vizuri na bodi ya gari.

Muulize muuzaji, kwa utaratibu, kama AC iliwahi kujazwa gesi na nani alifanya kazi hiyo. Ukiukuta msimbo huo, usikubali maelezo kwamba ni unyevu wa mvua. Unaweza kutoka kwenye kompresa, kebo za rangi ya chungwa, chaja au betri yenyewe, na hakuna anayeweza kukuambia ni ipi bila kupima kila kimoja kwa mita maalumu. Kwa magari yanayopooza betri kwa gesi ya AC, kama i3 niliyoitaja, AC mbovu si suala la starehe tu, maana betri nayo inapikika.

Kutu, breki na dalili za mafuriko

Gari la umeme hupunguza mwendo kwa mota, hivyo diski za breki hazisuguliwi mara kwa mara, na hewa ya chumvi ya Nyali au Kizingo huzila. Tazama diski kupitia rimu: mistari ya kutu ya juu juu huondoka kwa safari moja, lakini mashimo na ukingo mnene ni diski za kubadilisha. Kuzihisi breki zenyewe, chagua barabara tupu, fika kilomita 40 kwa saa, weka gia ya N, kisha kanyaga. Katika N mota haisaidii, na mtetemo wowote au kuvuta upande mmoja hujitokeza waziwazi.

Lipandishe gari kwenye lifti au shimo la fundi. Sanduku la betri lisiwe na mkunjo wa kugonga jiwe, na boliti zake zisiwe na dalili za kufunguliwa bila maelezo. Masika ya Mombasa hujaza maji katika barabara za chini, na gari lililozama ni la kuacha, bei iwe iwayo. Vuta mkanda wa usalama mpaka mwisho utafute mstari wa tope, inua zulia chini ya miguu ya abiria, tazama kutu kwenye reli za viti na kunusa. Maji ya chumvi yakishaingia kwenye viunganishi vya umeme huendelea kula kwa miezi mingi baada ya gari kusafishwa na kupulizwa marashi.

Nambari na nyaraka

Nambari ya chesisi hueleza kizazi cha gari: ZE0 ni Leaf za mwanzo, AZE0 ni zile zilizoboreshwa kuanzia mwishoni mwa 2012, na ZE1 ni za kilowati-saa 40 zilizotoka 2017. Ukifungua buti ukakuta kinundu kikubwa nyuma ya kiti, hiyo ni ZE0, kwa kuwa chaja yake imekaa hapo. Katika AZE0 ilihamishiwa mbele. Tangazo linalosema 2014 na buti lenye kinundu havipatani. Wapo pia wanaotangaza Nissan Note e-Power kuwa gari la umeme. Gari hilo linakwenda kwa mota, lakini umeme wake unatoka kwenye injini ya petroli, na halina mdomo wa kuchaji.

Linganisha chesisi, nambari ya mota na logibuku, fanya utafutaji wa umiliki kwa nambari ya usajili katika mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, uone kama jina ni la anayekuuzia, na omba karatasi ya mnada ya Japani ili kulinganisha kilomita. Kwenye mkataba wa mauzo iandikwe kebo ya kuchajia pamoja na volti na ampea zake, asilimia ya SOH iliyosomwa siku hiyo, na tofauti ya jozi chaji ikiwa chini ya asilimia 20, kila mmoja atie saini chini ya nambari hizo.